Yule Uliyemwita Papa

Fairfield, Sydney, siku moja kabla hujasafiri

Feza, mama yangu mdogo mwenye jina la mama yangu,

Habari za sanduku sikuulizi. Mama yako amelipanga na kulipangua kabla hajaenda kazini kwa wazee wake anaowatunza, na najua ameshakuambia yote kuhusu dawa za malaria, maji ya kuchemsha, barakoa za akiba na soksi. Hapo sina la kuongeza. Ninalo jambo moja tu, na ilinipasa nikuambie mdomoni. Lakini tangu Jumapili kila nikifungua mdomo hasira inatangulia, nawe unasema, "Papa, calm down," unaingia chumbani kwako na kufunga mlango taratibu, kwa adabu, jambo linalonikasirisha zaidi kuliko kama ungeubamiza. Kwa hiyo naandika. Karatasi haiwezi kuniambia nitulie.

Jumapili ulimwita mtu papa.

Tulikuwa mezani, ugali umeanza kupoa, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya pilipili ili sote tuonekane. Shangazi yako Espérance alikuwa anakueleza jinsi watakavyomaliza kilio cha bibi yako ukishafika kwa kazi yako ya zahanati, nani atapika na nani ataimba. Kisha akasema kuna mtu anataka kukusalimia, simu ikapita mkono hadi mkono, ukaona uso mpana, miwani ya dhahabu, na kofia iliyoshonwa kwa kitambaa kilekile cha shati. Akasema, "Mwanangu, usiogope kitu. Ukishuka ndege utakuta gari yangu iko pale. Hapa Kalemie wewe ni mtoto wetu." Nawe, kwa Kiswahili chako unachokitoa siku za sikukuu tu, ukajibu bila kukosea hata herufi moja: "Asante sana, papa."

Nikainuka. Nilitembea hadi stesheni, nikakaa kwenye benchi, zikapita treni za kwenda mjini na za kwenda Liverpool, sikupanda hata moja. Niliporudi ulikuwa umeshaosha vyombo. Ukaniuliza kwa Kiingereza, yule mtu alinifanyia nini. Nikasema, "Hakuna." Nimekuwa nikijibu "hakuna" tangu ulipopata umri wa kuuliza.

Yule uliyemwita papa ndiye aliyemchukua papa yako mdogo.

Huna sura yake kichwani, najua. Dieudonné, mdogo wangu wa kunifuata, sote tulimwita Dodo. Ulikuwa mtoto wa kubebwa. Alikuwa akikuweka mabegani na kukuita mama kwa sababu ya jina hilo la bibi yako, na kila asubuhi alikuuliza kwa heshima zote kama leo utampikia samaki au dagaa. Wewe ulimvuta masikio. Hayo ndiyo mazungumzo yenu yote.

Wakati ule nchi ilikuwa imekatwa vipande. Kinshasa na Lubumbashi zilikuwa za serikali, sisi wa ziwani tulikuwa chini ya waasi. Reli imekatika, barua hazipiti, simu za mkononi hatujaziona bado. Mtu alikwenda Lubumbashi kununua bidhaa, vita ikamfungia huko, mkewe yuko huku, na mstari wa mapigano uko katikati. Kilichoweza kuvuka mstari huo ni sauti peke yake, kwa ile redio ya mawimbi tuliyoiita foni. Dodo alikuwa na foni. Ilikuwa katika chumba kimoja kando ya nyumba yetu, na betri ya lori, waya mrefu uliofungwa juu ya mpapai, na benchi la kungojea. Siri haikuwepo. Ulichomwambia mumeo, benchi zima lilikisikia, na alichokujibu pia.

Namkumbuka mama mmoja, muuza mafuta ya mawese, aliyemfokea mumewe aliyekuwa ng'ambo ile: "Wewe Kasongo, unasema umekonda kwa kunikumbuka, mbona nasikia mwanamke anakohoa hapo pembeni? À vous!" Hilo lilikuwa neno la kumpisha mwenzako aseme, watu walilitia hata kwenye sala. Dodo akamwambia, "Mama, ni mashine inakohoa." Mama yule akamtazama. "Mashine yako imevaa kitenge?" Benchi likaanguka kwa kicheko. Tulikuwa vitani, Feza, na tulicheka hivyo.

Mtu wa miwani ya dhahabu alikuwa kamanda wa waasi katika mtaa wetu. Alikaa mbele yetu, ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya injinia wa reli aliyekimbia. Jina lake silitii katika barua hii. Watu wanamwita Kolonel hadi leo. Naye alikuwa anakuja kwenye foni. Alivua kofia, akaketi na akina mama, akangoja zamu yake, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa amebaki upande wa serikali. Dodo ndiye aliyemtafutia yule mama hewani, akamwambia, "Mama, mtoto wako yuko hapa, ni mzima, amenenepa, à vous." Kamanda akalia mbele yetu sote kwa kusikia sauti ya mama yake. Mama yangu akampelekea chai.

Halafu wakubwa wake wakaanza kupigwa huko mbele, ikasemekana foni za raia ndizo zinazowaambia adui majeshi yako wapi. Alasiri moja waliingia askari wanne. Walichukua mashine, betri, na Dodo. Kamanda mwenyewe alikuwa ameketi barazani kwake akitazama, hakuinuka. Bibi yako alivuka barabara mbio, akapiga magoti mbele ya kiti kile. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia jibu: "Mama, rudi nyumbani. Ni maswali tu. Atakuja kula." Bibi yako akafunika sahani. Hakuruhusu mtu yeyote aifunue, hata ilipoanza kunuka.

Hakuja kula. Hatukuonyeshwa kaburi wala shati.

Halafu nchi ikaungana. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu unaweza kudhani mimi ni mtu aliyekuwa anataka vita iendelee. Nilifurahi kuliko wengi. Nilikuwa mwalimu wa historia na jiografia. Kwa miaka yote ile ya mgawanyiko watoto walikuwa wakiniuliza wachore ramani ipi, nami nikawaambia wachore nchi nzima, kalamu isinyanyuke mahali popote. Siku treni ya kwanza ilipofika tena kutoka upande wa Lubumbashi niliwapeleka darasa zima stesheni. Ilikuja polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea, watu wamejaa juu ya mabehewa, wamevaa majani shingoni. Mzee mmoja akashuka, akakanyaga chini mara mbili kama anayejaribu daraja, akauliza, "Hapa bado ni Congo?" Umati ukamjibu kwa sauti moja, "Bado, papa!" Nililia mbele ya wanafunzi wangu. Na Kasongo akashuka pia, ana mke wa pili na watoto wawili. Kikohozi kile hakikuwa cha mashine.

Ndivyo ulivyokuwa umoja wetu. Kila mtu alirudi na kitu ambacho mwenzake alitakiwa akipokee kimya.

Majeshi nayo yakaunganishwa. Wakaiita brassage, neno la wapika pombe: waasi na askari wa serikali wanatiwa pipa moja, wanakorogwa, wanatoka jeshi la taifa. Aliyetoka katika pipa lile akiwa na nyota zaidi mabegani ni jirani yetu. Alirudi mjini na bendera mpya mkononi mwa shati, akapewa nyumba ileile, kiti kilekile, baraza lilelile. Alipopita shuleni kwetu wanafunzi walitakiwa kusimama.

Nilianza kusikiliza hotuba kama mwalimu anayesahihisha. Katika hotuba zote za umoja, za wanasiasa, za maaskofu, za wageni waliokuja na magari meupe, sikusikia mtenda. Watu walipotea. Damu ilimwagika. Maisha yalikatishwa. Kiswahili chetu kina neno kuua na kinajua kuliuliza: nani kamuua nani? Walilitoa neno hilo katika lugha, wakatuachia kufa, kama kwamba miaka yote ile nchi ilipitiwa na homa. Naikumbuka hasira hiyo kuliko ninavyoikumbuka njaa.

Na siku ikafika Kolonel akaja kwetu, na mbuzi, na gunia la unga.

Lazima ujue desturi, kwa sababu unakwenda kuikuta. Kwetu unga wa kilio una sheria. Mtu mliyegombana naye akileta unga msibani, wafiwa wakausonga na kuula, basi kati yenu hakuna kesi tena, wala wajukuu hawawezi kuifufua. Sisi hatukuwa tumemlilia Dodo. Utamliliaje mtu ambaye hujaona mwili wake? Yeye ndiye aliyekwenda kwa wazee wa kanisa, akawashauri kwamba familia ya mwalimu isaidiwe kumaliza kilio chake ili mtaa upone. Alitumia neno hilo, kupona. Wazee wakakubali, majirani wakakaa uani kwetu tangu asubuhi, na yeye akaingia na unga, amevua kofia kama zamani. Akaniambia, kama mdogo anayemwita kaka yake mkubwa, "Yaya, vita ilikuwa ya wote. Wote tulikosa. Tulie pamoja, tumalize."

Wote tulikosa. Dodo alikosa nini? Kumtafutia mtu mama yake hewani?

Bibi yako alimwuliza swali moja tu. "Mwili uko wapi?"

"Mama," akasema, "wengi hawana miili."

Bibi yako akawatazama wale wazee wa kike waliokaa juani bila kutia kitu mdomoni, ambao wengine nao walikuwa na watoto wasiorudi. Akawaambia wasichana wateleke maji. Nikasema kwa sauti, uani, watu wote wakisikia: "Huyu ndiye aliyemuua." Hakuna aliyegeuza kichwa. Mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, acha. Nchi imeungana." Bibi yako akasema, "Keti, mwanangu." Sikuketi. Wao wakala.

Baada ya hapo risasi zilipigwa juu ya bati letu, kwanza mara moja, kisha mara ya pili. Mkuu wa shule akaniomba nipumzike nyumbani. Nikamchukua mama yako na wewe, tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukaingia kambi ya wakimbizi wakati wenzetu wanatoka kambini kurudi kwao. Bwana aliyekuwa akituhoji pale alishangaa. Alikuwa mtu mwema, alichoka tu. Akasema, "Mzee, vita imekwisha. Sasa wewe unakimbia nini?" Nikamjibu, "Nakimbia amani." Mkalimani akaninong'oneza nijibu vizuri, mambo haya si ya mchezo. Lakini hilo ndilo jibu pekee la kweli nililowahi kumpa mtu wa serikali yoyote. Kwa sababu ya jibu hilo tulikaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na wewe ukajifunza kusoma chini ya hema.

Ndiyo haya ambayo sikukuambia. Nilikuambia "vita ilikuwa mbaya", kama watu wanavyosema hali ya hewa ni mbaya. Unaona? Nami nilitoa mtenda. Nilikimbia hotuba zile, kisha nikazihutubia mwenyewe kwenye meza yangu, hapa Fairfield, kwa mtoto wangu. Nilikufundisha heshima kabla ya kukufundisha historia, mimi mwalimu wa historia. Nikakuambia kila mwanamume wa rika langu ni papa: Papa Zakayo Mrundi anayeuza mihogo karibu na soko, wazee wote wa kanisani, hata yule jirani yetu wa Iraki ambaye hakujua unamwitaje, lakini akaanza kukuletea mkate wa moto kila Jumamosi. Neno lile lilikufungulia milango mingi, na nilijivuna. Sikukuambia kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye hastahili. Kwa hiyo sikulaumu kwa Jumapili. Nakasirika, lakini sikulaumu. Jaribu kuyatenganisha hayo mawili, mimi mwenyewe yananishinda.

Nafasi ya kukuambia niliipata mwaka jana, nikaitupa. Unakumbuka walipotufungia majumbani kwa ajili ya korona, sisi wa magharibi ya mji, helikopta ikizunguka juu ya mapaa, na kule pwani watu wa mji huuhuu wakipigwa picha wanaogelea? Televisheni inasema tuko wote pamoja. Mimi nakwenda kwenye maghala ya Wetherill Park kila siku kupakia maboksi ya watu walioambiwa wakae nyumbani, napimwa pua ndipo niruhusiwe kuvuka mpaka wa wilaya kwenda kuwapakia. Nilisikia lugha niliyoizoea. Mji unakatwa, kisha wanaokata wanakuambia ni mmoja.

Basi asubuhi moja wakagonga mlango, polisi mmoja na askari wawili wa jeshi, vijana, hawana silaha, wamevaa barakoa. Walitaka kujua kama tuko nyumbani na kama tunahitaji chakula. Wewe ulifungua, ukawajibu, ukacheka nao. Kisha ukanikuta jikoni nimesimama kati ya friji na ukuta. Ukasema, "Papa, wameleta tambi." Ukangoja. Uso wako ulikuwa wazi kabisa, ulikuwa tayari kusikia chochote. Nikasema nilikuwa natafuta ufagio.

Na mwezi ule ule bibi yako akafa. Nchi hii ilikuwa imefungwa, kuingia na kutoka. Mimi mtoto wake wa kwanza nilimzika mama yangu kwenye simu iliyokuwa inakatika, jikoni hapa, wewe umenishika bega. Unakumbuka nilivyoitupa simu ukutani. Ulidhani ni uchungu. Sasa jua. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na kama hayupo hutupa mdogo wake. Mimi nilikuwa Sydney. Dodo, waulize wao yuko wapi. Nikaona mkono unaingia kwenye picha, una saa kubwa, umeshika udongo mwekundu, umeutupa juu ya jeneza, na nyuma yake naona ile kofia. Watu wakasema amina. Alituchukulia mtoto, kisha akaja kusimama mahali pa mtoto.

Wewe umekwenda chuo Campbelltown, umejifunza jinsi ya kuosha kidonda. Unajua kidonda kinachofungwa kabla hakijasafishwa kinafanyaje. Sihitaji kukueleza kuhusu nchi yetu. Wasomi wataniambia kwamba vita zote huisha hivyo, kwamba ukitaka bunduki zinyamaze lazima uwape viti wenye bunduki. Nimesoma vitabu hivyo, na labda ni kweli. Lakini waliokubaliana kule mezani hawakutuuliza sisi tuliolipa. Msamaha uliandikwa kwa jina letu, ukatiwa sahihi na wengine, na tangu siku ile sisi ndio tunaoonekana wakorofi. Huko uendako utakutana na watu wazuri sana watakaokuambia usichimbe ya zamani. Watazame usoni. Baadhi watakuwa wamechoka kwa haki kabisa, wana watoto wa kulisha. Hao wape kiti, ule nao. Lakini ukimwona mtu anaharakisha msamaha ambao si yeye wa kuutoa, tafuta ameketi kwenye kiti cha nani.

Sasa nije kwa shangazi yako.

Miaka hii yote nilimhukumu. Sikuwahi kusema, lakini nilikuwa nampigia simu mara moja moja, kwa sauti ya mtu anayempigia mwenye duka. Alibaki. Alikula ule unga. Anamsalimia yule mtu. Leo jioni, ulipokwenda kuwaaga wenzako, nilimpigia. Nikamwambia, "Espérance, mtoto atalala kwako. Ile gari asiipande."

"Atapanda pikipiki na mavalizi yake, masanduku yote yale, yaya?"

"Atapanda."

"Sawa. Na kesho yake? Askari wakianza kumwomba karatasi kila siku, kwenye zahanati, barabarani, sokoni, mtoto wa Australia mwenye simu nzuri, utatoka Sydney kuja kuwaambia wamwache?"

Akaniambia kwamba Kalemie sasa, kila mtu anayetaka kulala usingizi ana mwavuli, yaani mkubwa wa kumkinga, na aliye bila mwavuli hunyeshewa. Mwavuli mkubwa kuliko yote upande wetu wa mtaa ni wa mtu yule. Si Kolonel tu tena, ni mheshimiwa, amechaguliwa kwa kura. Nikamwambia amesahau. Nilisema hivyo, Feza: "Wewe umesahau."

Akasema taratibu, "Yaya, wewe unamchukia ukiwa mbali, kuna bahari katikati. Mimi niko namchukia kutoka ng'ambo ya barabara, kila asubuhi, na salamu juu yake. Niambie kazi ya nani ni ngumu."

Nilijiona shujaa kwa sababu sikuketi siku ile uani. Lakini niliposimama niliondoka, na yeye akabaki na mama, na kiti kile, na baraza lile. Akamzika mama yetu kwa namna alivyoweza, katika mtaa ambao hakuna anayezika bila idhini ya Kolonel. Ukifika, mwambie shangazi yako kwamba nimesikia. Usiongeze neno, ataelewa.

Kwa hiyo sikuzuii. Nilikaa mezani nikiwa nimeshaandika amri: usipande gari lake. Nimeikata. Panda. Keti kiti cha nyuma, funga mkanda, tazama ziwa dirishani, ni zuri, hata yeye hajaweza kuliharibu. Akikusalimia, mwitikie. Mwite mheshimiwa. Hicho ni cheo, kinagawiwa na watu, kinaweza kumfikia yeyote. Papa si cheo.

Na kuna jambo jingine nililotaka kukutuma, nalo pia nimelikata. Nilitaka umwulize, mbele ya watu, siku ya kumaliza kilio cha bibi, kwa Kiswahili chako hicho cha kukwaruza ambacho hakuna atakayejifanya hakukielewa: "Mheshimiwa, mlimlaza wapi Dodo?" Nilishaliandika swali zima kwenye karatasi ndogo uliweke katika pasipoti yako. Nimeichana. Wewe utakuwa huko nusu mwaka, ukipokea watoto wa watu zahanatini chini ya mwavuli wake, na swali lile lingekuacha unanyeshewa peke yako. Swali ni langu. Mama yangu aliliuliza, mimi ndiye mwanawe aliyebaki, na namba ya simu ya mtu yule Espérance amenipa.

Ningempigia hata sasa hivi. Huko kwao bado ni mchana, najua ameketi barazani. Lakini kesho unapanda ndege kwenda mikononi mwake, kwa hiyo nitafunga mdomo. Unaona jinsi amani yao inavyofanya kazi? Hawahitaji tena kupiga risasi juu ya bati. Wanakutumia mtoto wako gari.

Nimenyamaza miaka mingi kwa hofu na kwa aibu. Miezi hii nitanyamaza kwa ajili yako tu, na ndiyo mara ya mwisho. Fanya kazi yako vizuri. Waoshe watoto wao, hata akiletwa mjukuu wa mtu yule, mwoshe kama wengine, hajamkosea mtu. Kisha maliza, rudi. Siku utakayotua Sydney, ukiniona nje ya mlango wa abiria nimeshika simu sikioni, usinikimbilie kunikumbatia kwanza. Nipe dakika chache. Nitakuwa nazungumza naye.

Usichelewe kurudi, mama.

Papa yako